Mzunguko wa Gezaulole kwa miguu: pwani asubuhi, mashamba mchana

Kila nikirudi kutoka Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, na vumbi hadi magotini, maswali ni yale yale. Mnaanzia wapi? Ufukwe si umeshazibwa na hoteli? Walinzi hawafukuzi? Mtoto wa miaka kumi ataweza? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, basi yote haya hapa.

Njia yenyewe ni hivi. Unashuka daladala Gezaulole, unateremka Mbwamaji, unafuata ufukwe kurudi upande wa mjini bahari ikiwa mkono wa kulia. Ukishatosheka na mchanga unaipa bahari mgongo, unavuka lami, unaingia kwenye mihogo na mikorosho, unazunguka mpaka unatokea tena Gezaulole. Kwa mwendo wa kusimama na kusalimiana na watu ni masaa matano. Anayekwenda kama anafukuzwa atamaliza kwa matatu, ila sijui atakuwa ameona nini.

Kwanza maji, halafu saa

Nadharia ni hii tu, lakini ndiyo inayowaangusha wengi. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Siku hizo, kwa hapa Dar es Salaam, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Wiki moja baadaye ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na saa hizo hizo utakuta bahari imejaa.

Kwa hiyo usiseme "twende Jumamosi" kabla hujajua mwezi ni ngapi. Tazama kalenda ya Kiislamu: tarehe 1 hadi 3, au 15 hadi 17, ndizo siku zako. Ukiingia ufukweni saa mbili na nusu asubuhi ya siku kama hiyo, maji bado yanakwenda zao na una muda wa kutosha mpaka saa tano.

Mimi mara ya kwanza nilikwenda kwa kuangalia nafasi yangu kazini. Ilikuwa siku ya maji mafu. Saa nne na nusu nikakuta mawimbi yanagonga ukuta wa hoteli moja, nyuma yangu mchanga umeshamezwa, mbele ni mawe. Nilipita nikiwa na viatu shingoni na simu nimeinyanyua juu kama mtu anayetafuta mtandao. Wimbi moja likatosha. Simu ile ilikaa kwenye mchele siku tatu, na haikuamka.

Vitu vya kuwa navyo

- Maji ya kunywa, lita mbili kwa kila mtu. Usitegemee maduka, kwenye mashamba hayapo.
- Raba ulizokwisha kuzivaa vya kutosha, siyo mpya. Na kandambili za kamba au viatu vya plastiki kwa ajili ya kwenye maji.
- Kofia, na kanga au kikoi. Kanga moja ni taulo, ni kivuli, ni heshima ukipita kijijini, na ni kamba ukikosa kamba.
- Noti ndogo ndogo. Muuza madafu hana chenji ya elfu kumi saa tatu asubuhi, na usimgeuze kuwa benki.
- N-Card, ile kadi ya kulipia nauli, yenye salio kwa ajili ya pantoni. Nauli ya mtu anayevuka kwa miguu ni shilingi 200.
- Simu yenye chaji, ramani ya eneo umeshaipakua nyumbani, mfuko wa plastiki wa kuifungia.
- Kitambulisho. Na mwenzio mmoja angalau. Hii siyo njia ya kwenda peke yako mara ya kwanza.
- Chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini, pakiti mbili. Ni bei ya soda.

Nyakati: Juni hadi Septemba ni kusi, hewa ya ubaridi kidogo, mwendo mzuri kabisa. Kaskazi, Desemba hadi Machi, jua linakaanga, lakini maembe yapo kuanzia Novemba. Masika usijisumbue. Udongo wa njia za ndani unakuwa tope na mbu wanakula na kubakisha.

Hatua kwa hatua

1. Vuka mapema, kinyume na watu. Fika Magogoni, kwenye kivuko upande wa mjini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pantoni zinazotoka Kigamboni zinakuja zimeshona watu wanaowahi mjini, wewe unakwenda upande wa pili na unapata pa kusimama. Kama una dakika 20 za ziada pitia Soko la Samaki la Feri uone mnada. Utaelewa vizuri zaidi utakachokiona baadaye ufukweni. Ukiwa ndani ya pantoni acha simu mfukoni. Ikulu iko upande mmoja, Jeshi la Wanamaji upande mwingine, na "nilikuwa napiga picha ya maji" siyo utetezi.

2. Panda daladala la Gezaulole. Stendi iko pale pale unapotoka kwenye pantoni. Mwambie konda mapema unashuka Gezaulole, la sivyo utajikuta Kimbiji. Njiani mnapita Mjimwema. Usishuke hapo kwa kuona bahari iko karibu. Kipande hicho kimejaa kuta na mageti, mzunguko wake hauna raha.

Kunywa chai kabla ya kuanza kutembea. Mihogo ya kukaanga na chachandu, au chapati na maharage kwa mama ntilie karibu na kituo. Tumbo tupu na jua la pwani havipatani.

3. Piga hodi. Gezaulole ni jina la Kizaramo, maana yake "jaribu uone". Miaka ya 1970 kilikuwa kijiji cha ujamaa, na baadhi ya wazee waliokihamia wangali hai. Watu wamezoea wageni lakini hawajazoea wageni wasiosalimia. Mkiwa watatu, shikamoo na habari za asubuhi zinatosha. Mkizidi watano, piteni ofisi ya serikali ya mtaa, mseme mmekuja kutembea na mnaelekea wapi. Inachukua dakika tano, na hapo ndipo mtakapoambiwa ni njia ipi ya ufukweni imefungwa wiki hii. Kosa la kawaida: kundi la watu kumi na wawili wenye fulana za rangi moja wanapita kimya wakipiga picha nyumba za watu. Kigamboni hii, kundi la namna hiyo linadhaniwa ni wapima viwanja, na hakuna anayewapenda wapima viwanja.

4. Teremka Mbwamaji. Ulizia, kila mtoto anapajua. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860, Mbwamaji ulikuwa tayari mji wa biashara wenye vyombo vyake na wakubwa wake. Leo ni kijiji cha wavuvi chenye magofu na makaburi ya kale ya mawe ya matumbawe, mengine yamekabwa na mizizi. Usipande juu yake kupiga picha. Hili nalisema kwa sababu nimeliona, na nimemwona pia mzee aliyekuja na fimbo.

Mbele yako baharini utaviona visiwa vya Sinda. Vijana watakuambia boti ipo, mnakwenda na kurudi. Kataa kwa leo. Ukienda Sinda, maji hayatakusubiri.

5. Simama dikoni. Hapa usiharakishe, hapa ndipo penyewe. Diko ni pale vyombo vinapopandishwa: ngalawa, mitumbwi, mashua moja mbili, boti za mashine. Asubuhi wanaorudi kutoka kuvua usiku wanashusha samaki, na kabla mguu wa mvuvi haujakauka mnada umeanza. Changu na tasi wanapangwa kwa mafungu mchangani, kibua wanakwenda kwa ndoo, pweza wananing'inizwa. Kina mama wa karai, wale wakaanga samaki, wanasimama na ndoo zao nyuma kidogo. Ukiwatazama hutajua nani amenunua. Bei inakwisha kwa kidevu na nyusi.

Mtafute mzee anayeshona wavu kivulini. Mara yangu ya mwisho ilikuwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Tunataka kufuata ufukwe twende mpaka kule kwenye minazi mirefu. Maji yanasemaje?"

Hakutazama bahari hata kidogo. Alihesabu kwa vidole juu ya goti, kidole gumba kikipita kwenye vifundo. "Leo mwezi wa ngapi? Mosi, pili... Leo pili. Nendeni. Ila mkisikia adhuhuri mko bado chini, basi nyinyi mna lenu."

Huyo ndiye saa yako. Jedwali la maji kwenye simu ni zuri, mimi ninalo, lakini mzee anajua pia mawe yako wapi.

Adabu za dikoni: usikanyage wavu uliotandazwa, usikalie chombo cha mtu, na picha uombe. Ukiombwa hela ya picha, ama lipa ama funga simu, usibishane.

6. Fuata ufukwe, bahari kulia. Tembea kwenye mchanga uliolowa, pale unapokuwa mgumu kama sakafu. Mchanga mkavu wa juu unachosha mara mbili. Jua linakuwa mgongoni, ambayo ni sababu nyingine ya kwenda upande huu na siyo ule.

Maji yakiwa yamekupwa utawakuta wanawake mbali kwenye miamba wakichokoa pweza kwa vijiti, na watoto wakiokota chaza. Ukitaka kwenda huko vaa viatu. Kwenye matumbawe kuna wale viumbe weusi wenye miiba kama ya nungunungu, na kwenye mchanga wa maji ya magotini taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia. Buruza miguu, usiinyanyue. Taa akisikia mtikisiko anaondoka mwenyewe.

Kisha zinaanza kuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu ziwe nje ya mita 60 kutoka ukingoni mwa bahari. Wewe unaijua, mimi naijua, mlinzi haijui wala hajaajiriwa kuijua. Usimsomee. Pita chini kwenye mchanga wa maji, nyanyua mkono, "kazi njema kaka", endelea. Katika mara zote nilizopita nimesimamishwa mara mbili tu, na zote mbili nilikuwa nimekalia kiti cha hoteli.

Ukikuta kijito kinaingia baharini, kivuke pale kinapotandaa na kuwa kipana, siyo pale kilipojibana. Pembamba ndipo penye kina. Kikizidi magoti, panda juu utafute njia ya watu.

7. Saa tano, kushoto. Hata kama pwani bado ni tamu. Tafuta kichochoro kati ya kuta ambacho kina alama za magurudumu ya bodaboda na magamba ya samaki. Hicho ni cha watu wote. Penye geti na maua usiingie. Ndani ya dakika kama 20 hivi utasikia magari. Hiyo ndiyo lami ya Kimbiji, na ndiyo uti wa mgongo wa safari yako: inakwenda sambamba na pwani, kwa hiyo ukiwa popote ndani ya mashamba, ukielekea baharini lazima uikute.

Hapa fanya uamuzi wa ukweli. Mkiwa na mtoto aliyenuna, au chupa ya maji imebaki robo, pandeni daladala hapa hapa. Nusu ya mzunguko ni safari kamili, hakuna cheti mtakachonyimwa. Mtoto wa miaka kumi kwa kawaida anaishia hapa akiwa na furaha.

8. Vuka lami, ingia shambani. Fuata njia ya udongo inayoingia ndani kwa nusu saa, halafu kamata ya kwanza pana inayokwenda kushoto. Sasa lami iko kushoto kwako, ng'ambo ya mashamba, na unarudi upande wa Gezaulole.

Siwezi kukuchorea kila kona. Nilijaribu mwaka juzi: nikaandika "kata kulia kwenye pagale lenye mwembe". Niliporudi pagale limekuwa nyumba na mwembe umekuwa mkaa. Kigamboni hii mihogo inapandwa katikati ya bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja. Heka moja ni shamba la bibi, inayofuata ni msingi wa nyumba ya mtu aliye Mwanza, ya tatu ina kibao "Eneo hili haliuzwi, ogopa matapeli". Shika upande badala ya kona, na uliza. Uliza hivi: "Njia ya kutokea Gezaulole ni hii?" Ukiuliza "Gezaulole ni wapi?" utanyooshewa lami, kwa sababu hakuna anayeamini kwamba mtu mwenye nauli anataka kwenda kwa miguu.

Kivuli cha mikorosho ni kinono, matawi yanashuka mpaka chini kama hema. Pumzika hapo, siyo chini ya mnazi. Nazi haina breki. Kuanzia Oktoba mikorosho inazaa, na harufu ya mabibo yaliyoanguka inakulevya kabla hujaonja. Usiokote korosho za mtu, ni mshahara wake wa mwaka. Ukipewa bibo, kula ukiliweka mbali na shati lako. Doa lake halitoki. Na korosho mbichi usiing'ate, mafuta ya ganda lake yanaunguza midomo.

Kiangazi jihadhari na upupu unaotambaa kwenye vichaka vya kando ya njia. Yale maganda yenye manyoya ya dhahabu yanapendeza. Usiguse, na usipite chini yake upepo ukivuma.

Ukimwona mtu anapalilia, simama njiani, usikate tuta. "Hodi, za kazi?" Mara nyingi utajibiwa "karibu", na kwenye shamba lenye minazi "karibu" hiyo huwa na dafu ndani yake. Lipa. Bibi mmoja alikataa hela yangu, akakubali nimsaidie kubeba fungu la kisamvu hadi kwake. Mwendo wa dakika kumi na tano, nje kabisa ya njia yangu. Aliniuliza kwa nini natembea. Nikamwambia kwa afya. Akatazama jembe lake, akacheka mpaka akakaa chini.

9. Kushoto tena, mpaka lami. Ukiona nyumba zinasogeleana na muziki umeanza, kata kushoto. Unatokea barabarani karibu na ulipoanzia. Kula samaki wa asubuhi ile: wa kukaanga kwa ugali, au wa nazi kwa wali kama umebahatika. Saa nane au tisa panda daladala kurudi Feri. Jioni nako unavuka kinyume na watu.

Mambo yakiharibika

*Maji yamekuwahi na uko chini ya ukuta.* Usisonge mbele kwa matumaini. Rudi ulikotoka mara moja, kwa sababu kule unajua palivyo. Kama na nyuma pamefungwa, panda ngazi ya hoteli yoyote, mwite mlinzi, mwambie maji yamekukuta na unaomba kupita kwenda barabarani. Hakuna aliyewahi kunikatalia hilo.

*Umechomwa na miiba ya baharini.* Toa ile inayoonekana kwa kibano, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, osha kwa sabuni. Usichimbe kwa sindano. Taa ni habari nyingine: maji ya moto hayo hayo kwa nusu saa au zaidi yanapunguza maumivu, lakini nenda hospitali siku hiyo hiyo, hasa kama kuna kipande kimebaki.

*Kichwa kinauma, jasho limekata, unajisikia baridi juani.* Acha kutembea. Kivuli, kanga iliyolowa shingoni na kifuani, maji yenye zile chumvichumvi kidogo kidogo. Mwenzio akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, ita bodaboda au bajaji umpeleke hospitali; usingoje aseme yuko sawa.

*Umepotea mashambani.* Huwezi kupotea sana. Zima muziki, sikiliza magari. Usiposikia, muulize mtoto yeyote anayebeba maji. Elekea lami, siyo bahari. Kati ya lami na bahari kuna kuta, na mbwa wa kuta hizo hawasalimiwi.

*Pantoni imekwama au foleni imefika nje ya geti.* Panda gari za kupitia Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa 2016, utokee Kurasini. Ni mzunguko mrefu zaidi, lakini unakaa kwenye kiti.

*Jua linazama nawe bado uko ndani.* Huku giza linaingia saa kumi na mbili na nusu, kwa pupa. Ikifika saa kumi na moja hujaiona lami, achana na mzunguko: simamisha bodaboda ya kwanza, patana bei kabla hujakaa, akupeleke kituoni.